Kwa anayetaka kuongoza baraza la viongozi wa kaunti: jifunze kubeba hoja za wenzako

Kila baada ya uchaguzi mkuu Nairobi hujaa sura mpya. Kuna magavana wa muhula wa kwanza, maspika, viongozi wa wengi na wachache kutoka mabunge ya kaunti, na nyuma yao vijana waliobeba mafaili na simu mbili mbili. Wiki chache baadaye mmoja wao huambiwa na marafiki, "Mheshimiwa, kile kiti cha mwenyekiti kinakufaa." Naye anakubali hata kabla hajauliza kiti chenyewe kinafanya nini. Nimefanya kazi upande huu tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, nikiwaandalia wagombea hoja na kuwapangia mikutano. Wanaoanza huniuliza maswali yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike majibu mahali pamoja. Nitazungumzia zaidi Baraza la Magavana kwa sababu ndilo nilijualo vizuri, lakini mengi yanamhusu pia anayewania jukwaa la mabunge ya kaunti au muungano wa kaunti za kanda yake.

Anza na sheria. Baraza la Magavana limeundwa na kifungu cha 19 cha Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya mwaka 2012. Wanachama ni magavana wa kaunti zote 47, na wao wenyewe humchagua mwenyekiti na naibu wake. Muhula ni mwaka mmoja, na unaweza kurudi mara moja tu. Soma hapo mara mbili. Mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtu anayepanga kujifunza kazi akiwa ndani. Ukichaguliwa Septemba au Oktoba, kufikia tarehe 15 Februari Hazina ya Taifa inatakiwa iwe imewasilisha Bungeni taarifa ya sera ya bajeti, na kufikia mwisho wa Aprili miswada ya ugavi wa mapato iwe imefika huko. Ukiingia ukiwa bado unauliza nani ni nani, msimu wa pesa utakupita, na pesa ndiyo sababu kubwa ya wenzako kukupigia kura.

Jambo jingine ambalo wageni huchelewa kulielewa ni kwamba mwenyekiti hana amri juu ya mwanachama yeyote. Hawezi kumwagiza gavana mwenzake, hawezi kumwadhibu, wala hana kura ya turufu. Kila aliye kwenye kile chumba amechaguliwa na watu wake, ana bunge lake linalomhoji, na ana Seneti inayomwita kujibu ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ulichonacho wewe mwenyekiti ni viti ambavyo wenzako hawana, na kuaminiwa kwamba ukiwa hapo utasema yao. Katika Kikao cha Viongozi wa serikali kuu na kaunti, kinachoongozwa na Rais, wewe ndiye naibu mwenyekiti. Katika baraza la bajeti na uchumi linaloongozwa na Naibu wa Rais, una kiti kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo kila gavana anayekusikiliza ukiomba kura anajiuliza swali moja tu moyoni: huyu akifika pale, atalibeba langu au atabeba lake?

Ndiyo maana sianzi kampeni na manifesto. Naanza na daftari. Chukua daftari nene, mpe kila kaunti ukurasa wake, kisha ujaze polepole. Gavana ni muhula wa kwanza au wa pili? Bunge lake linaelewana naye? Hospitali ya rufaa ya kaunti imekwama wapi? Wanakandarasi wanamdai tangu utawala uliopita? Je, ana kesi mahakamani juu ya mpaka na jirani? Mengi ya haya yako wazi katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu, ila ni wachache wanaozisoma. Mengine utayapata kwa kuongea na watu.

Nikupe mfano. Wakati ule serikali kuu ilipoanzisha mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali, mwaka 2015, pesa zake zilikuwa zikikatwa moja kwa moja kutoka kwa kaunti. Tulikuwa tunamtafutia mgombea wetu kura, tukaketi na msaidizi wa gavana mmoja kwenye mkahawa pale Westlands. Tulikuwa tumejiandaa kumpa bosi wake uenyekiti wa kamati. Yule kijana alitusikiliza, akakoroga chai yake, akasema: "Bosi hataki kamati. Ana mashine ya eksirei bado iko ndani ya boksi kwa sababu hana chumba chenye umeme wa kuitosha wala mtaalamu wa kuiendesha, na pesa inakatwa. Anataka mtu atakayeuliza mbele ya Rais, kwa sauti." Tulirudi ofisini tukaandika hoja ile kwa ukurasa mmoja, yenye maswali yanayojibika, tukamtumia gavana mwenyewe airekebishe. Ile kura hatukuiomba tena.

Jifunze hapo pia mpangilio wa heshima. Msaidizi huongea na msaidizi, lakini kura huombwa na gavana kwa gavana. Usimpigie Mheshimiwa simu wewe kijana ukimwambia bosi wako "anaomba support". Akipiga bosi mwenyewe, jioni, bila haraka, akaanza na habari za nyumbani na mvua, mambo hunyooka. Na kama kaunti ya mtu imepatwa na msiba au mafuriko, bosi aende hata kama hakuna kura inayotafutwa. Kwetu aliyekuja kukuzika mzazi hasahauliki, na mimi naona hilo ni jambo jema katika siasa yetu, si hila.

Sasa nifike kwenye pesa, maana ndipo wagombea wengi huanguka. Zijue takwimu kichwani. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilishikilia kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikashikilia 335, mwaka wa fedha ukaanza bila sheria ya ugavi, na hatimaye wakakubaliana bilioni 316.5. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao ukapanda hadi bilioni 370, na mwaka uliofuata ukabaki pale pale. Mwaka wa 2024/25 ulikuwa bilioni 387.4, na wa 2025/26 bilioni 415. Gavana akikuuliza ulichonacho juu ya mgao, ukajibu kwa methali, umekwisha.

Ila kuna mambo mawili ndani ya pesa, na lazima uyatenganishe. Ukubwa wa mgao wote huwaunganisha magavana 47. Hakuna anayekataa chungu kiongezwe. Fomula ya kugawana huwatenganisha. Yeyote aliyekuwapo mwaka 2020 anakumbuka jinsi Seneti ilivyokwama miezi kadhaa juu ya fomula ya tatu. Kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi, na kaunti za kaskazini na Pwani zikaona zinanyang'anywa. Maseneta waliokuwa vyama tofauti wakajikuta pamoja, na waliokuwa chama kimoja wakatengana. Baraza la Magavana, wakati huo likiongozwa na Wycliffe Oparanya wa Kakamega, lilitangaza kaunti zitasimamisha shughuli kuanzia Septemba 17 kwa kukosa fedha. Suluhu ilipatikana baada ya kuahidiwa nyongeza ya bilioni 50 ili pasiwe na kaunti ya kupoteza. Unaona ilivyokuwa: ugomvi wa fomula ulitulizwa kwa kuongeza chungu.

Ushauri wangu kwa mgombea ni asijifiche kwenye swali la fomula. Utaulizwa, tena na upande utakaochukia jibu. Sema kaunti yako inasimama wapi, bila kuzunguka. Halafu eleza utakavyoendesha mjadala: kwamba baraza litatoa msimamo wa pamoja juu ya ukubwa wa mgao na juu ya kutolewa kwa pesa kwa wakati, na kwamba kwenye fomula kila kaunti itapewa nafasi ya kusikika mbele ya Tume ya Ugavi wa Mapato na Seneti, bila mwenyekiti kutumia nembo ya baraza kutetea nyumbani kwake. Nimeona magavana wa mrengo wa pili wakimpa kura mtu waliyetofautiana naye juu ya fomula kwa sababu aliwaambia ukweli uso kwa uso.

Kuhusu vyama, usidanganyike kwamba havipo. Vipo, na simu hupigwa kutoka juu. Lakini tazama historia. Mwenyekiti wa kwanza, Isaac Ruto wa Bomet, alichaguliwa kwa tiketi ya URP, chama kilichokuwa ndani ya serikali ya Jubilee, na bado mwaka 2014 akaongoza kampeni ya Pesa Mashinani iliyotaka kura ya maamuzi ili kaunti zipate asilimia 45. Kura ile haikufanyika, lakini magavana wa pande zote walijua wana msemaji. Mwaka 2022 Anne Waiguru wa Kirinyaga, aliyechaguliwa kwa UDA, chama cha Rais, alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na naibu wake akawa Ahmed Abdullahi wa Wajir, aliyechaguliwa kwa ODM, iliyokuwa upinzani wakati huo. Mwaka 2024 Abdullahi akapanda kuwa mwenyekiti, naibu wake akiwa Mutahi Kahiga wa Nyeri, wa UDA. Huo mchanganyiko haukutokea kwa bahati. Ukitafuta mwenza wako, mtafute ng'ambo ya chama chako na ng'ambo ya kanda yako, na uanze mapema, kabla kila mtu hajaahidiana na mwingine.

Na mara nyingi uamuzi huiva kabla ya kuingia ukumbini. Wazee wa baraza huketi usiku wa kuamkia uchaguzi wakitafuta makubaliano, kwa sababu baraza lililogawanyika kwa kura 24 kwa 23 linaingia Hazina likiwa dhaifu. Usione makubaliano hayo kama kuporwa haki. Jiandae nayo: ujue ni nini unaweza kukiachia, ni kamati gani hutaki ikosekane mikononi mwa watu wako, na ni hatua gani utakayosema hapana. Andika hayo mapema na bosi wako, mkiwa wawili, kwa sababu saa sita usiku, watu wakiwa wamechoka, mtu huachia kitu ambacho asubuhi atakililia.

Kwa wanaowania upande wa mabunge ya kaunti nitasema machache. Wadi ni 1,450 nchini, na mwakilishi wadi anaamkia mlangoni mwake watu wenye mahitaji ya leo leo. Ukimweleza sera pana atakusikiliza kwa adabu. Ukimweleza utakavyopigania hazina ya maendeleo ya wadi na uhuru wa kifedha wa mabunge, ili bunge lisimpigie magoti gavana ambaye kazi yake ni kumkagua, atavuta kiti karibu. Hapo pia kumbuka makarani wa mabunge. Hawasimami jukwaani, lakini wao ndio wanaojua ni barua ipi ilijibiwa na ipi ilizikwa.

Vivyo hivyo kwa sekretarieti. Ofisi za Baraza la Magavana ziko Delta Corner, Westlands, na waliomo hubaki wakati wenyeviti wanapobadilika. Mgombea mzuri hupita pale kabla ya kampeni kupamba moto, akaomba kumbukumbu za vikao vya miaka miwili iliyopita, akauliza ni ahadi zipi za serikali kuu bado ziko hewani na ni kesi zipi baraza linaendesha. Ugomvi wa magavana na wabunge juu ya shilingi bilioni 10.5 za tozo ya kutengeneza barabara, kwa mfano, huwezi kuuelezea kwa kusoma vichwa vya habari. Kaeni na mawakili wa baraza, muulize mpaka muelewe.

Usitoe bahasha. Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, iko wazi, na zaidi ya sheria, gavana uliyemnunua atakuuzia kura hiyo hiyo mwaka ujao kwa bei ya juu, wakati unatetea kiti.

Wewe msaidizi, siku ya uchaguzi kazi yako ni ndogo lakini nzito. Uwe umesoma kanuni za kikao: akidi ni ngapi, kama gavana asiyekuwepo anaweza kuwakilishwa na naibu wake na kwa barua ya namna gani, kura ni ya siri au ya kunyoosha mkono. Piga simu alfajiri kuthibitisha kila aliyesema atakuja ameondoka kwake. Ndege ya asubuhi kutoka kaunti za mbali ikichelewa na hukujua, hesabu yako yote imevurugika. Na ukiwa ukumbini usicheke na kambi yako tu.

Bosi akishindwa, asiondoke kabla ya picha ya pamoja, na akubali kamati atakayopewa, hasa ikiwa ni ya fedha au ya afya, maana huko ndiko kazi inakofanyika mwaka mzima. Akishinda, wiki hiyo hiyo aandike barua kwa Hazina ya Taifa akitaja miezi ambayo mgao wake haujatolewa na kiasi kinachodaiwa na kila kaunti, kwa jina na kwa shilingi. Nakala ziende kwa magavana wenzake wote 46 siku ile ile, na zile za waliompinga zipelekwe kwa mkono.