Mdogo wangu, mimi si meneja

Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa naosha masufuria ya nyumba nzima kwa kuwa ilikuwa zamu yangu. Unasema Ujiji imeenea kwamba nimekuwa meneja wa bima Ujerumani, nina ofisi ya vioo, na ukija nitakuingiza humo humo. Najua imeanzia kwa mama mkubwa, kwenye ile harusi ya Mwanga, na ushahidi wake ni picha niliyovaa suti. Suti ile ya mtumba. Ndiyo, na huku mtumba upo.

Mimi ni mwanagenzi. Wenyewe wanaita Ausbildung: miaka mitatu, huku uko ofisini, huku uko chuoni, na kuna daftari la kuandika ulichojifunza, msimamizi anasaini. Bila daftari hilo mtihani wa mwisho huruhusiwi. Nina miaka 29 na nakaa meza moja na watoto wa miaka 18, na wao ndio wananisahihishia barua. Miezi minne ya mwanzo ilikuwa ya majaribio. Ndani yake mwajiri anaweza kukuachisha bila hata kukwambia kwa nini, na kibali changu cha kuishi kinategemea mkataba huo huo. Miezi hiyo minne sikuugua hata mafua. Niliugua, ila nilikwenda hivyo hivyo.

Msimamizi aliniuliza Kigoma ni wapi. Nikamwambia ndiko ilikokwenda meli yenu: Liemba iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kuungwa kwetu. Akauliza, ilikatiwa bima? Wala hakuwa anatania.

Kuna wanaopiga simu wakisikia lafudhi wanasema, nipe Mjerumani. Mzee mmoja alimwaga mvinyo kwenye zulia la jirani. Nikamweleza kwamba bima yake italipa, akataka mtu mwingine, nikampa yule mtoto wa miaka 18, naye akarudia neno kwa neno niliyosema. Mzee akashukuru sana. Hayo nimeshayazoea.

Nisichokizoea ni hesabu ya mwisho wa mwezi. Kwenye karatasi ni euro 1,200 na kitu. Wanakata bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa ukiwa hujiwezi, nabaki na 960 hivi. Chumba ni 480. Kuna hadi ada ya redio na televisheni, 18.36 kila mwezi kwa nyumba, na sisi televisheni hatuna. Sasa toa chakula, toa nauli, halafu ukoo.

Maana niliyojifunza siku ya kwanza ni kwamba bima ni mchango: watu wengi wanatia kidogo kidogo kwenye chungu kimoja, nyumba ya mmoja ikiungua, analipwa humo. Kwetu chungu ni mimi na anayetia ni mimi. Wadai ni kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi. Ziwa lilipopanda likaingia jikoni kwa mama, nilikuwa ofisini nikimweleza bibi wa Kijerumani kwamba bima yake ya nyumba ya kawaida haimlipi mafuriko, alipaswa kuongeza kipengele. Alilia. Nikamwambia pole, nikakata simu, nikafungua simu yangu, nikaona picha za mama na maji magotini. Yeye hata hiyo ya kawaida hana. Ana mimi.

Halafu kaka yako akaomba hela ya bodaboda. Mwalimu alitufundisha kwamba mtu akijua atalipwa, uangalifu unapungua. Dawa yake ni mwenye bima kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara. Nikaona loo, hii ndiyo ya nyumbani! Nikaandika kwenye grupu la familia: kuanzia sasa kila tatizo, mwenyewe abebe laki ya kwanza, inayozidi ndiyo tuongee. Hakuna aliyejibu. Mama alininunia siku tisa. Siku ya kumi akapiga, akaniuliza tu kama nimekula, na mimi nikatuma ya bodaboda yote, na ya jiko, na juu yake ya mchele. Kwa hiyo usinisikilize sana mimi mambo ya fedha.

Nisikilize haya. Usiuze kiwanja cha Gungu. Yule anayekutaka milioni tatu akutafutie nafasi ni mwizi. Kwa utaratibu huu wa ofisini na chuoni, mwanagenzi ndiye anayelipwa. Soma Kijerumani mpaka cheti cha B1, yaani ngazi ya kati ya lugha, usije bila hicho. Na hata hicho hakitoshi, mikataba ya bima imeandikwa Kijerumani ambacho Wajerumani wenyewe hawakisomi. Kama una kazi pale bandarini, ishike. Ila kama ni kukaa kijiweni kuhesabu boti, njoo, una akili kuliko mimi. Usije lakini kwa sababu ya picha yangu. Na ukija, mwezi wa kwanza usimwambie mtu mshahara wako, hata mama. Hasa mama.

Baridi sitakueleza, mtakuja kuijua wenyewe. Migebuka nimeiota wiki iliyopita, ya mawese, na ugali wa muhogo, nikaamka na njaa kweli.

Mwambie mama mkubwa aache umeneja. Au mwache, kafurahi. Elfu themanini nimekurushia sasa hivi, ni ya ada ya kozi ya lugha, si ya bando. Na nipigie picha cheti chako cha form four, mbele na nyuma, kidole kisionekane.