Vikaseti vya kipindupindu: kwa mnaoanza kazi maabara za wilayani

Wadogo zangu mliopangiwa vituo vya afya na maabara za wilaya, mvua zikianza mtakutana na vile vikaseti vya kupima kipindupindu (vipimo vya haraka vya kinyesi), na naona wengi mnafundishwa kusoma mistari tu. Kusoma mistari hata mlinzi wa geti ukimwelekeza kidogo anaweza. Mstari hafifu nao ni pozitivu, soma ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi yake (mara nyingi dakika 15 hadi 20), ukikisahau mezani mpaka saa nzima hayo siyo majibu tena, basi. Kinachoharibu kazi ni sampuli.

Anza na ndoo. Mgonjwa anaharia kwenye ndoo, na ndoo ile manesi wameshaweka klorini chini, ndivyo walivyoelekezwa na wako sahihi kabisa, ila we ukichota humo unapeleka maabara bakteria waliokufa. Kaseti yenyewe inatafuta ganda la nje la Vibrio (bakteria wa kipindupindu), haijali kama yuko hai au kafa, kwa hiyo inaweza kutoa pozitivu halafu kwenye kuotesha hakioti kitu na watu wanaanza kulaumiana. Ongea na nesi mapema akuwekee chombo kikavu kisicho na dawa, na kinyesi kipatikane kabla mgonjwa hajapewa antibayotiki. Lakini jamani msimcheleweshe mgonjwa kwa ajili ya sampuli, ORS au dripu inaanza saa hiyo hiyo, hakuna anayesubiri kaseti ili aongezewe maji.

Halafu friji. Hapa ndo wengi wanapotea kwa sababu chuoni tumezoea kila sampuli iwekwe kwenye baridi, sasa huyu Vibrio baridi haipendi. Kama maabara iko karibu ifike ndani ya masaa 2, kama ni mbali chovya swabu (kijiti chenye pamba) kwenye kinyesi uiingize kwenye Cary-Blair (jeli ya kusafirishia sampuli), funga vizuri, isafiri kwenye joto la kawaida, inavumilia siku kadhaa, hata basi la mkoani likilala njiani. Kaseti zenyewe nazo zina masharti, baadhi hazitaki kuzidi nyuzi 30, na stoo ya bati saa nane mchana mnaijua wenyewe.

Kuna mbinu ya bei rahisi ambayo naipenda kuliko zote: maji ya peptoni yenye alkali (kimiminika cha kukuzia bakteria), pH kama 8.5 hivi. Bakteria wengi wa tumboni humo wanazubaa, Vibrio anashamiri. Weka kinyesi kidogo, acha masaa 4 mpaka 6 kwenye joto la mwili, kisha chota JUU kabisa, usitikise, maana anafuata hewa na anajikusanya juu, ndo upimie kaseti. Pozitivu za uongo zinapungua sana. Usiache usiku kucha, wale wengine nao wataamka wamfunike.

Mkiwa na inkubeta hata ya kuungaunga mnaweza kuotesha kwenye TCBS (agari, yaani jeli ya kuoteshea, inayompendelea Vibrio), yenyewe haihitaji otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), unaichemsha tu, na kesho yake unaona makoloni ya njano. Ila oksidesi (kipimo cha kutambua aina ya bakteria) usiifanyie moja kwa moja kutoka kwenye TCBS, itakudanganya, hamishia kwanza kwenye agari ya kawaida.

Na kaseti ikisema pozitivu toa taarifa wilayani siku hiyo hiyo, huku sampuli ikienda kuthibitishwa, usikae nayo ukisubiri makoloni. Mlipuko ukishatangazwa acheni kumpima kila anayeharisha, wapimeni wachache wa mwanzo wa siku, kaseti zingine ziwekeni. Maana mlipuko ukielekea kuisha kila anayeshukiwa inabidi apimwe na majibu yawe negativu wiki kadhaa mfululizo ndo mtu athubutu kusema umeisha, na hapo ndo utasikia stoo wanakwambia kaseti ziliisha mwezi uliopita.