Maswali na Majibu: Beringi Hufa kwa Kiu ya Oili

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu injini za EJ za Subaru zenye turbo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nifanye nini ili bloku, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), beringi (vipande laini ambamo krenki huzunguka) na pistoni zihimili nguvu nilizoongeza? Nimechagua maswali saba. Walioandika bila kutaja namba ya injini wala kazi ya gari nimewaacha, kwa maana jibu la gari la kwenda kazini si jibu la gari la mashindano.

Forester yangu ya turbo ilinoki (beringi ziligonga na injini ikafa) njiani kutoka Nakuru. Nikiweka pistoni na konrodi za foji (zilizofuliwa kwa kugandamizwa ili ziwe imara), tatizo litakuwa limekwisha?

Halitakuwa limekwisha, na ninakuomba usinunue kitu chochote kabla hujajua kilichoua injini ya kwanza. Injini ikiwa nzima, beringi ya konrodi haigusani na krenki kabisa. Krenki huelea juu ya utando wa oili unaojengwa na mzunguko wake wenyewe, na utando huo ukikatika hata kwa sekunde chache, beringi hukwaruzika, hupata joto, kisha huzunguka ndani ya konrodi na kuziba tundu la oili. Hakuna konrodi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuziba pengo la oili isiyofika.

Kwenye EJ, anza na bomba la kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ambalo hupasuka kwenye mshono wake na kuanza kuvuta hewa. Baada ya hapo, angalia skrubu za mfuniko wa nyuma wa pampu ya oili, kwa kuwa zikilegea shinikizo hushuka bila kelele yoyote. La mwisho ni kijiti cha oili, ambacho wenye magari wengi hukivuta siku ya sevisi tu, ilhali turbo iliyochoka inaweza kuimaliza oili kati ya sevisi mbili.

Kuna muuaji mwingine asiyetajwa na wauza vipuri. Mwaka jana nilifungua injini iliyojengwa kwa pistoni za foji, konrodi za foji na bolti imara za kampuni ya ARP, ikiwa haijafikisha kilomita 1000. Nilipochomoa beringi ya silinda ya tatu nilikuta mistari ambayo kucha ilikwama ndani yake, na kwenye mmoja wa mistari hiyo kulikuwa na chembe ya rangi ya shaba iliyozama usoni. Beringi mpya zilikuwa za aluminiamu tupu, zisizo na shaba inayoonekana. Chembe ile ilikuwa mabaki ya beringi za zamani zilizosagika injini ilipokufa mara ya kwanza; ilijificha ndani ya kipoza oili, kikasuuzwa kwa petroli na kurudishwa mahali pake. Kipoza oili cha injini iliyonoki hakisafishiki kwa kusuuzwa, bali hubadilishwa. Bomba linalopeleka oili kwenye turbo nalo hubadilishwa, na vichujio vidogo vilivyomo kwenye njia za oili za hedi vikaguliwe kimoja kimoja.

Oili gani ni bora kwa injini iliyojengwa?

Swali hili huja kila mwezi. Niandikie nafasi ya beringi zako, yaani pengo kati ya beringi na krenki, kwa milimita, nami nitakutajia uzito wa oili. Bila kipimo hicho, jina nitakalokupa litakuwa kubahatisha kwa gharama yako.

Fundi wangu anasema kwamba krenki ikizunguka vizuri kwa mkono baada ya kukazwa, nafasi ya beringi iko sawa. Ni kweli?

Si kweli, na kauli hiyo imeua injini nyingi kuliko mwendo kasi. Krenki inayozunguka kwa mkono inathibitisha kwamba haijabanwa, lakini haisemi kama nafasi ni milimita 0.03 au 0.09, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uhai wa injini. Kanuni ya zamani ya wajenzi ni sehemu moja kwa elfu ya kipenyo: shingo ya konrodi (sehemu ya krenki inayoshikwa na konrodi) ya milimita 52 hupewa nafasi ya takriban milimita 0.05, pungufu ya unene wa nywele nyingi za binadamu. Shingo za meni (zinazoishika krenki ndani ya bloku) za milimita 60 zingefikia 0.06, lakini bloku hii ni ya aluminiamu, nayo hutanuka kuliko krenki ya chuma injini ikipata moto, kwa hiyo wajenzi makini huzibana kidogo wakijua kwamba nafasi itaongezeka yenyewe.

Kipimo huchukuliwa kwa maikromita kwenye shingo ya krenki na kwa geji ya tundu ndani ya konrodi, beringi zikiwa mahali pake na bolti zikiwa zimekazwa kwa nguvu kamili ya toki renchi. Konrodi ambayo haijakazwa hutoa namba ya uongo. Ule uzi wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na krenki unafaa kuhakikisha kipimo, haufai kuwa kipimo pekee. Ikiwa fundi wako hana geji ya tundu, peleka konrodi na krenki kwa wachonga vyuma, Gerezani jijini Dar es Salaam au Industrial Area jijini Nairobi, ulipie saa moja ya kupima na udai uandikiwe namba za shingo zote. Watu hulipia pistoni za mamia ya dola, kisha hukataa kulipia karatasi ya vipimo. Hilo siwezi kulinyamazia.

Je, bolti za konrodi zinaweza kutumika tena?

Za kiwandani kwenye injini ya nguvu, hapana. Bolti hufanya kazi kama springi: hukazwa hadi ivutike kidogo, na mvuto huo ndio unaoshika kofia ya konrodi. Za ARP hurudiwa iwapo urefu wake ulipimwa na kuandikwa kabla ya kukazwa mara ya kwanza; iliyobaki ndefu kuliko kiwango ambacho mtengenezaji ameruhusu hutupwa. Na usinunue bolti ngumu ukazitia katika konrodi ya zamani bila kuipeleka kwa wachonga vyuma, kwa kuwa mkazo mpya hubadilisha umbo la tundu. Lazima tundu lihoniwe (lisuguliwe hadi kipimo sahihi) upya likiwa limekazwa, la sivyo umenunua bolti bora ya kushika beringi iliyopinda.

Nataka injini ya kufika mizunguko 8000 kwa dakika. Nichukue EJ20 au EJ25?

EJ20. Ina kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75; EJ25 ina 99.5 kwa 79. Kipenyo kimepanuliwa ndani ya familia ileile ya bloku, kwa hiyo kati ya silinda chuma kimepungua na gasketi ya hedi imebakiwa na uso mwembamba wa kuziba. Angalia pia sehemu ya juu ya bloku yenyewe: EJ205, aina ya EJ20 ya Impreza WRX, imeachwa wazi kuzunguka silinda, EJ257, aina ya EJ25, imezibwa nusu, na silinda zisizoshikwa juu hutikisika shinikizo linapozidi.

Lakini kwanza niambie, 8000 unaitakia nini? Nguvu inayoivuta konrodi hukua kwa mraba wa mizunguko, hivyo kutoka 7000 hadi 8000 inaongezeka kwa takriban asilimia 31. Kwenye mizunguko 8000, kwa EJ20 yenye konrodi ya milimita 130.5, pistoni, ringi na pini zenye gramu 500 kwa jumla zinaivuta konrodi kwa nguvu ya uzito wa takriban tani 1.7 kila pistoni inapogeuka juu, na mzigo huo wote unabebwa na bolti mbili. Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka 1997 ilipumua kupitia kizuizi cha hewa cha milimita 34 kilichowekwa na kanuni za mashindano, na nguvu yake ilipatikana kwenye mizunguko ya kati. Kwa barabara za vumbi, hicho ndicho kielelezo cha kufuata.

Nawe hukuuliza kuhusu petroli, ila nitasema. Injini za Japani zilipangwa kwa petroli ya huko yenye oktani inayokaribia 100, na ukiongeza shinikizo la turbo kwa petroli yetu bila kupanga upya majira ya cheche, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya wakati na kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Pistoni za foji hustahimili kwa muda mrefu kidogo kuliko za kusubu, lakini kipigo kilekile hushuka hadi kwenye beringi ya konrodi.

Krenki yangu ya STI imechongwa kwa milimita 0.25 na beringi za saizi hiyo zipo Kirinyaga Road, Nairobi. Niifunge?

Kwa gari la kwenda kazini, ifunge, mradi imepimwa nyufa kwa sumaku. Kwa nguvu kubwa, tafuta krenki ya saizi ya kiwandani, kwa kuwa krenki hizo zimegumishwa usoni kwa tabaka jembamba ambalo jiwe la kuchongea huliondoa. Hakikisha pia kwamba mchongaji ameacha mviringo kwenye kona za shingo, maana kona kali ndipo ufa unapoanzia.

Injini yangu mpya imefungwa Dodoma. Nimeambiwa niiendeshe polepole kwa kilomita 5000. Je, ni sawa?

Kilomita 5000 ni nyingi mno na polepole haisaidii, kwa sababu ringi huhitaji mzigo ili zikae vizuri kwenye kuta za silinda. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, toa plagi na uizungushe kwa stata hadi geji ionyeshe shinikizo la oili. Iache ipate moto huku ukikagua uvujaji, kisha iingize barabarani, uikanyage kwa wastani na uiachie ishuke yenyewe kwa gia, ukirudia hivyo bila kuipeleka kwenye mizunguko ya juu. Baada ya kilomita 50 mwaga oili yote, kata filta kwa kikatio cha filta kisichomwaga vipande ndani, kunjua karatasi yake juani na uipitishie sumaku. Unga mwembamba wa kijivu unatarajiwa. Ukiona vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivivuti, ni vya beringi au pistoni, kwa hiyo usiiwashe tena hadi sampu ifunguliwe.