Jino la mbele likimtoka mtoto gatini

Maji yakijaa, watoto wa Lamu hujirusha kutoka gatini, na si ajabu mmoja akagonga mdomo kwenye ngazi au ubavu wa mashua. Ana miaka minane au tisa na lililotoka ni la mbele? Hilo si jino la utoto la kutupwa paani. Matokeo ya matibabu huanza kuamuliwa hapo hapo, kabla daktari hajaliona.

Lishike upande wa juu, ule mweupe unaoonekana akicheka. Mzizi usiuguse. Umevikwa utando mwembamba wenye chembe hai, na ndizo hulishikiza jino kwenye mfupa. Likikaa kavu kwa saa moja, chembe hizo huwa zimekufa. Ndiyo maana kulifunga kwenye pindo la leso ni kosa, na kulisugua kwa mswaki na chumvi ni kosa kubwa zaidi.

Likiwa na mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa au mate yake mwenyewe, ulirudishe tunduni kwa kidole, kisha aume kitambaa safi. Jino la utoto halirudishwi kamwe. Ukishindwa kulirudisha hilo la ukubwani, litumbukize kwenye kikombe cha maziwa baridi ya kawaida, si maziwa lala, si tui. Maji ya mfereji huzivimbisha chembe zikapasuka. Ya bahari, yenye chumvi takriban mara nne ya ile ya mwilini, huzinyonya maji. Walio vijiji vya Shela au Matondoni watafute maziwa kwanza, mashua ya kwenda kwa daktari baadaye.

Daktari hulifunga na wenzake kwa waya mwembamba unaonyumbuka, usiozidi milimita 0.4, kwa wiki mbili. Waya mgumu haufai: jino linahitaji kutikisika kidogo. Muulize pia kuhusu sindano ya pepopunda. Chakula kiwe uji na wali laini. Muhogo wa kukaanga usubiri.

Wazazi wengi hukosea hapa: waya ukitolewa na jino haliumi, hawarudi. Mtoto wa miaka saba au minane huwa na mzizi ambao ncha yake bado iko wazi, na mishipa ya damu yaweza kuingia tena, kwa hiyo daktari husubiri huku akichunguza. Aliyepita miaka kumi, ncha kwa kawaida imeziba. Kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino yenye mishipa, hakitafufuka, na matibabu ya mzizi yaanze ndani ya wiki mbili. Yakicheleweshwa, uambukizo huula mzizi kwa miezi michache tu, kimya kimya.

Jino lililokaa kavu mara nyingi huganda na mfupa. Likigongwa kwa mpini wa chuma hulia kwa sauti kali, tofauti na wenzake. Kwa mtoto anayekua, majirani zake hushuka nalo hubaki juu, likaonekana fupi mwaka hadi mwaka. Msikimbilie kuling'oa, kwa maana linatunza nafasi na unene wa mfupa. Likizidi kubaki nyuma, daktari aweza kukata sehemu nyeupe inayoonekana na kuuacha mzizi ugeuke mfupa.

Marejeo ni wiki ya 2 na ya 4, mwezi wa 3 na wa 6, mwaka mmoja, kisha kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5. Mkihamia Malindi, bebeni picha za eksirei: daktari mpya hupima urefu wa mzizi kwa kulinganisha na picha ya kwanza.