Mchicha ulikuwa wa kijani, kumbe dawa imeshaingia

Kama unalima mboga hapa Kigamboni na bomba la kupulizia unaazima kwa jirani, soma hii kabla hujaingia bustanini jioni ya leo.

Mwaka jana niliazima bomba lililotoka kupulizia atrazini, dawa ya magugu, kwenye mahindi. Nikalisuuza kwa maji mara moja tu, nikajaza busta (mbolea ya majani), nikapulizia matuta mawili ya mchicha. Tuta la tatu busta iliniishia. Kesho yake majani yote yalikuwa ya kijani, yamesimama vizuri. Siku hiyo hiyo akapita kijana mtafiti aliyekuwa akipima mboga za majirani. Akabana majani kwa vibanio vyeusi, yakakaa gizani nusu saa. Kisha kila jani likamulikwa kama sekunde moja, na mstari ukajichora kwenye kioo cha kifaa.

Mstari wa tuta lisilopuliziwa ulipanda kwa ngazi: unapanda, unatulia kidogo, unapanda tena. Wa tuta lililopuliziwa uliruka mara moja hadi karibu na kilele.

"Mama, huu umeshakula dawa ya magugu. Usimuuzie mtu."

Umanjano niliuona kwa macho siku ya nne.

Jani likipata mwanga, sehemu yake hutengenezea chakula, sehemu hutoka kama joto, na kidogo sana, kama asilimia 1 au 2, hurudi nje kuwa mwanga mwekundu ambao juani hatuuoni. Mstari ule wa kifaa ndio mwanga huo. Mwanakemia Mjerumani, Hans Kautsky, alieleza mwaka 1931 jinsi unavyopanda na kushuka. Atrazini hukaa kwenye protini ya jani iitwayo D1, ikaziba njia ya elektroni, yaani chembe zinazobeba nishati ya mwanga. Nishati ikikosa pa kupita, jani hung'aa zaidi, na hilo hutokea ndani ya saa chache. Mahindi huivunja dawa hiyo, mchicha hauwezi.

Ukimpata mwenye kifaa, mpe majani ya umri mmoja kutoka tuta unalolishuku na tuta salama. Kipimo cha jani moja usikikubali. Kifaa pia hutoa namba inayoonyesha jani linavyoweza kutumia mwanga: jani lenye afya lililokaa gizani husoma karibu 0.83, lakini namba ikishuka usikimbilie kumlaumu jirani: ukame na jua kali navyo huishusha. Mweleze pia ni dawa gani iliyotumika, maana glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, haizibi njia ile moja kwa moja, kwa hiyo dalili zake kwenye kifaa huchelewa.

Kama shaka yako ni udongo wenye mabaki ya dawa, na kifaa huna, jaza udongo huo kwenye vikopo vichache, na vingine ujaze udongo unaouamini. Sia mchicha kote, subiri wiki mbili au tatu, linganisha. Mimi sasa sipandi mboga palipokuwa na mahindi kabla ya kufanya hivyo.

Bomba la magugu nimelinunua la kwangu, nimelifunga kitambaa chekundu mpinini. Haliingii kwenye mchicha, na haliazimwi.