Kiwanja cha wawili, jina la mmoja

*Anti, naishi na mchumba wangu Nkuhungu, hapa Dodoma, mwaka wa tatu sasa. Nina genge la mboga, yeye fundi rangi. Tumenunua kiwanja Nala, zaidi ya nusu ya hela nimetoa mimi, mkopo wa kikoba. Mkataba wa mauziano una jina lake tu. Nikiuliza anasema, "Kwani huniamini?"*

Mdogo wangu, swali hilo mrudishie. Kama mnaaminiana, jina lako likiwa pale linamuuma nini?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi, hadi watu wanawajua kama mke na mume, mahakama itadhania ni wanandoa. Ila dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na wa kuipinga atakuwa huyohuyo anayekuita "mke wangu" leo. Tena hata kwa wenye ndoa, mali yenye jina la mmoja sheria huanza kwa kuiona ni ya mwenye jina; kazi ya kuthibitisha inabaki kwako.

Basi tunza daftari la kikoba lenye tarehe uliyokopa. Meseji za muamala ulipomtumia hela usifute hata simu ikijaa. Kisha rudini kwa muuzaji na mashahidi wenu muandikishane upya, majina mawili, kabla hati ya kiwanja haijaombwa. Viwanja Dodoma si vya kuacha hadi mwakani.

*Anti, nasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mpenzi wangu ndiye ananinunulia chakula, sasa anataka namba ya siri ya simu yangu.*

Chipsi kuku haifungui simu ya mtu. Siku moja moja lipa wewe, uone atakavyopokea.

*Mchumba wangu ana kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, ananizidi mshahara. Washkaji wananicheka. Nifanyeje? Mkaka wa mtaa wa Kisasa.*

Badilisha washkaji. Na jifunze kusonga ugali, akirudi jioni amechoka.

*Anti, tuna shamba la zabibu Hombolo. Kupalilia mimi, kupogoa mimi, kuchuma mimi. Siku ya kuuza mume anakwenda peke yake, narudishiwa hela ya chumvi. Anasema mama wa nyumbani hana mchango.*

Hiyo hoja ilishafika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, na majaji wakakubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wewe una za nyumbani na za shambani juu! Lakini ile ilikuwa kesi ya kugawana mali baada ya talaka, huko sikuombei ufike.

Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nafasi haiko mbali. Msimu ujao panda naye gari hadi kwa mnunuzi, usimame kwenye mizani, uandike kilo na bei kwa mkono wako. Akigoma, aanze mshenga wenu kuzungumza naye. Baraza la usuluhishi la kata liwe la baadaye.