Ufunge Usukani Ukae Imara Kwanza, Mipangilio Baadaye

Nilipoutoa sandukuni usukani wangu wa kwanza wa michezo ya kuendesha magari kwenye kompyuta, Logitech G29, niliubana kwenye meza ile ile niliyozoea kuandikia, nikachomeka waya, na robo saa baadaye nilikuwa tayari ninaendesha. Kwa wiki kadhaa niliamini kwamba chombo chenyewe ni dhaifu. Gari lilipopanda ukingo wa kona nilihisi mtikisiko mzito usioniambia chochote, huku skrini ikichezacheza mbele ya macho yangu, na matairi ya mbele yalipoanza kupoteza mshiko sikupata dalili yoyote mikononi mpaka gari lilipokuwa limekwisha kuniponyoka. Nikaongeza nguvu ya mrejesho, yaani msukumo ambao mota iliyo ndani ya usukani huutoa ili mikono ihisi gari linavyofanya, kwenye programu, mambo yakazidi kuharibika. Jibu nililipata siku niliyoweka kiganja cha kushoto juu ya meza huku mkono wa kulia ukishika usukani: ile mitetemo midogo niliyokuwa nikiitafuta usukanini ilikuwa mezani.

Sababu yake inaeleweka ukiifikiria mota inavyofanya kazi. Inapouzungusha usukani dhidi ya mikono yako, wakati huo huo inalisukuma kasha lake upande wa pili, dhidi ya mahali lilipofungwa. Mahali hapo pakinesa, sehemu ya nguvu huishia kuitikisa meza, na inayopotea kwanza ni mitikisiko midogo ya haraka, ambayo ndiyo humjulisha dereva kwamba tairi linakaribia mwisho wa uwezo wake. G29 ina nguvu ya newtonimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 2 na kidogo tu, sawa na mzigo wa kilo moja na nusu hivi ulioning'inizwa kwenye ukingo wa usukani. Kwa nguvu hiyo ndogo huwezi kumudu kupoteza hata robo yake. Ndiyo maana ninamshauri kila anayeniuliza kuhusu kununua usukani wenye nguvu zaidi aanze kwa kukagua mahali alipoufunga ule alio nao.

Meza inayofaa ni nzito, ina ubao mzito usio na uwazi ndani, na miguu yake haiyumbi unapoisukuma kwa kiuno. Ubao wa maranda yaliyogandishwa hubonyea polepole chini ya vibano, kwa hiyo kinachoonekana kimekaza leo huwa kimelegea baada ya siku chache. Unapokaza vibano, kaza cha kushoto kidogo, kisha cha kulia kidogo, ukirudia hivyo hadi vyote viwe na mkazo sawa, na usitumie nguvu zako zote, kwa kuwa sehemu nyingi za vibano hivyo ni za plastiki. Kipande chembamba cha mpira kati ya kibano na ubao huzuia kuteleza, lakini kisiwe kinene, maana mpira mnene nao hunesa.

Mimi hatimaye niliachana na vibano kabisa. Chini ya kasha la G29 kuna matundu mawili ya bolti za M6, yaani zenye kipenyo cha milimita 6, na nilichofanya ni kutoboa kipande cha plaiwudi, kuukalisha usukani juu yake na kuufunga kutoka chini kwa bolti na wosha pana. Hapa kuna jambo la kuzingatia sana: pima kina cha tundu, ongeza unene wa ubao na wa wosha, kisha chagua bolti isiyozidi jumla hiyo, kwa sababu bolti iliyozidi inaweza kugonga sehemu za ndani kabla haijakaza. Ninapendekeza uiingize kwanza kwa vidole bila ubao, uhesabu mizunguko mpaka inapogota, ndipo uamue urefu.

Usukani ukishatulia, pedali ndizo zinazoanza kusumbua, na kwa maoni yangu ndizo zinazostahili muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Pedali ya breki ya G29 ina kipande cha mpira ndani yake kinachoifanya iwe ngumu kadiri inavyoshuka, na mguu unapoikandamiza sawasawa, kitu kimoja kati ya viwili hutokea: pedali zinakimbia mbele, au kiti chenye vigurudumu kinarudi nyuma. Meno yaliyo chini ya pedali hushika zulia vizuri, lakini kwenye sakafu laini hayasaidii. Nilikuwa nikifika mwisho wa barabara iliyonyooka, ninakanyaga breki, na mwili wangu unasogea nyuma sentimita kadhaa huku mikono ikinyooka, kwa hiyo kila kona niliiingia nikiwa nimekaa tofauti. Haiwezekani mguu ujifunze kipimo cha breki katika hali hiyo.

Kilichonisaidia ni mkanda wa kufungia mizigo. Nilizifunga pedali kwenye ubao wenye mwinuko kidogo upande wa mbele, nikapitisha mkanda kutoka kwenye ubao huo hadi kwenye mguu wa kati wa kiti, nikaukaza mpaka ukanyooka. Baada ya hapo kila nilipoisukuma breki niliuvuta pia mkanda, navyo viwili vikashikana, kiti hakikupata pa kwenda. Kama kiti chako kina mgongo unaolala nyuma, ufunge usilale. Kwa breki zinazopima uzito wa mguu badala ya umbali wa pedali, ambazo hukanyagwa kwa makumi ya kilo, hata mkanda hautoshi, na hapo fremu inayounganisha kiti na pedali ni lazima.

Kuhusu fremu, nitasema machache. Stendi inayokunjwa ni nafuu ya nafasi, lakini nyingi huyumba kushoto na kulia, hasa zile zenye nguzo moja katikati. Fremu za alumini zenye mifereji, za milimita 40 kwa 40 au 40 kwa 80, ndizo zinazodumu, kwa kuwa kila kipande kinasogezwa na kukazwa upya bila kutoboa. Ukipanga kuhamia kwenye usukani unaoendeshwa na mota moja kwa moja, kama Fanatec CSL DD wenye newtonimita 5, au 8 ukiwa na adapta kubwa ya umeme, usifikirie kuufunga kwenye meza nyepesi.

Kujua kama umekaa umbali unaofaa, kaa kitini mgongo ukiwa umegusa kiti, nyoosha mkono juu ya usukani, na kifundo cha mkono ndicho kifike ukingo wa juu. Vikifika vidole tu, uko mbali. Goti nalo libaki limekunjika kidogo breki inapokuwa chini kabisa.

Ndipo sasa uiwashe kompyuta. Chomeka umeme kwanza, kisha waya wa USB moja kwa moja kwenye kompyuta, na uondoe mikono wakati usukani unajizungusha kutafuta katikati yake. Kwenye programu, acha mzunguko wa usukani kwenye nyuzi 900, mchezo wenyewe utaupunguza kulingana na gari, na uizime springi ya kurudisha usukani katikati, kwa sababu inauficha mrejesho wa kweli. Nguvu ya mrejesho ipandishe taratibu. Michezo kama Assetto Corsa huonyesha kipimo kinachojaa pale inapodai nguvu kuliko mota inayoweza kutoa. Kikijaa kila kona, punguza, kwa kuwa hapo nguvu zote kubwa zinahisiwa sawa na huwezi tena kuzitofautisha. Pembe ya kuona, yaani upana wa mandhari ambayo mchezo unaonyesha kwenye skrini, nayo ihesabu kwa umbali halisi wa macho yako: skrini ya inchi 27, yenye upana wa sentimita 60 hivi, ikiwa sentimita 60 kutoka usoni, hukupa nyuzi 53 za mlalo. Mwanzoni utaona kama umefungiwa kwenye dirisha dogo, lakini kona zitaanza kufika pale unapozitarajia.

Bolti hulegea kwa mitetemo, na wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Nilichukua rangi nyeupe ya kucha nikachora mstari mmoja unaoanzia kwenye kichwa cha kila bolti hadi kwenye ubao, ili nikiinama na tochi nione mara moja kama mstari umekatika. Siku ya tatu, bolti ya upande wa kulia ilikuwa imesogea upana wa punje ya mchele. Niliikaza, nikachora mstari mpya, na tangu hapo haijasogea.